Kona ya nyumba imetitia: konkriti ya vipande, bomba la kusukumwa, parafujo au kekee?

Mlango wa jikoni kwa mama, Barani, Malindi, ulianza kugoma baada ya masika ya mwaka juzi. Ukiuvuta unakwama juu, ukiulazimisha unakwaruza sakafu. Seremala akaja na randa, akachonga, akalipwa. Baada ya miezi mitatu akaitwa tena, akachonga tena. Safari ya tatu hata randa hakuitoa mkobani. Aliutazama ufa uliotoka pembe ya fremu ukapanda kwa ngazi, jiwe hadi jiwe, mpaka chini ya dirisha la juu, akaniambia: "Kijana wangu, mlango hauna kosa. Mimi nachonga, nyumba nayo inashuka. Tutamaliza mbao bure."

Kabla yake alikuja fundi mwingine, jina silitaji, aliyeuziba ufa kwa simiti na kuupaka rangi. Ufa ulirudi na rangi yake.

Basi nikazunguka miezi kadhaa nikiuliza mafundi, wahandisi wawili, na jamaa yetu mmoja aliyelewa video za Marekani za nyumba zinazoinuliwa kwa jeki kama gari lenye pancha. Kila mtu alikuwa na dawa yake na bei yake. Haya nayaandika kwa mwenye ufa ukutani na bei nne mkononi, ambaye haoni zinatofautiana kwa nini. Zote zinakusudia jambo moja, kuupa msingi miguu mipya inayofika kwenye kitu kigumu. Ya kwanza ni konkriti inayomwagwa kipande kwa kipande chini ya msingi wa zamani. Ya pili ni bomba la chuma linalosukumwa ardhini kwa jeki. Ya tatu ni fimbo ya chuma yenye bawa la parafujo, inayosokotwa mpaka ishike. Ya nne ni nguzo nyembamba, ardhi inatobolewa kwa kekee kisha tundu linajazwa chuma na saruji.

Ninakoegemea sitaficha: kama jiwe la chini haliko mbali, na shimo likichimbwa ni kavu, konkriti ya vipande ndiyo ningeichukua Malindi, na ndiyo tuliyoichukua. Lakini "kama" hizo mbili ndizo zenye kazi, na karibu kila mtu anaziruka.

Tafuta kwanza kilichobadilika

Mchanga una uungwana wake. Ukiuwekea mzigo, hushuka wakati ule ule wa ujenzi, kisha hutulia. Udongo wa mfinyanzi ni tofauti, hukamuliwa maji polepole na huweza kuendelea kushuka miaka na miaka. Kwa hiyo nyumba iliyosimama juu ya mchanga tangu miaka ya 1980, ikakaa kimya, halafu leo ikaanza kupasuka, haipasuki kwa uzee. Kuna kitu kimebadilika.

Mara nyingi ni maji. Bomba linavuja chini ya sakafu ya choo, au gata limekatika na paa zima linamwagikia kona moja, au shimo la kunyonya maji machafu limechimbwa hatua tatu kutoka ukutani, lako au la jirani. Maji yakipenya hubeba punje ndogo za mchanga na kuziingiza kwenye nafasi za matumbawe yaliyo chini. Tena yakipanda hadi usawa wa msingi, uwezo wa mchanga kubeba hupungua karibu nusu. Anayetaka kuona maji yanaufanya nini mchanga mwekundu wa huku kwetu aende Marafa akasimame ukingoni mwa Nyari. Lile korongo halikuchimbwa kwa sepetu.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe na ghorofa zetu. Baba alijenga chini tu, na paa la mabati. Mwaka 2015 tukaongeza juu bila kumuuliza mtu aliyesomea mambo hayo. Hesabu yenyewe ni nyepesi, aibu ni kwamba niliifanya baada ya ufa: ukuta wa mawe ya matumbawe wenye unene wa sentimita 20 na kimo cha mita 3 unalemea kama tani 1 kwa kila mita ya msingi. Tia slabu, ukuta wa juu, matangi ya maji, watu na makabati yao, unafika karibu tani 4 kwa mita. Na mkanda wa konkriti wa chini ni ule ule wa baba, upana sentimita 60. Mwaka ule ule zilitokea nyufa nyembamba kama unywele. Tukazipaka rangi. Miaka ikapita, gata likakatika upande wa jikoni, masika moja nzito ikamaliza kazi.

Kwa hiyo chaguo la sifuri, ambalo hakuna mwenye mashine atakayekutajia, ni kuzuia maji na kungoja. Tengeneza gata, badilisha bomba, hamisha shimo, jenga mteremko wa simiti pembeni mwa nyumba ili maji yakimbie ukuta, kisha pitisha masika moja huku ukipima. Kupima hakuna gharama. Chukua kipande cha kioo chembamba, kibandike kwa plasta ya jasi pande zote mbili za ufa, andika tarehe ukutani kwa penseli. Ufa ukisogea, kioo kinavunjika. Halafu mpira wa maji, ule mpira mwangavu ambao kila fundi anao: ujaze maji, shikilia ncha moja kwenye alama ya kona nzima, peleka nyingine kona kwa kona, weka alama pale maji yanaposimama. Kona yetu ya jikoni ilikuwa chini kwa milimita 34.

Kuhusu upana wa ufa, kipimo kinachotumika sana ni kile cha Building Research Establishment ya Uingereza. Hadi milimita 5, kwa kawaida ni kazi ya kuziba na kupaka. Kati ya 5 na 15, milango na madirisha huanza kukwama. Kati ya 15 na 25, sehemu za ukuta huenda zikavunjwa na kujengwa upya. Ukipita 25, usilale humo. Wetu ulikuwa milimita 9. Tulitengeneza gata na bomba, tukabandika kioo cha pili. Kilivumilia kaskazi yote, na mvua za kwanza za masika zikakivunja. Laiti kingepona, ningefunga daftari na hela yangu mfukoni, na nadhani nyumba nyingi hapa mjini zingeishia hapo.

Shimo la kuangalia

Hii ndiyo pesa ndogo kuliko zote katika safari nzima, na ndiyo inayoamua zilizobaki. Chimba shimo pembeni mwa msingi, si chini yake, kwenye kona iliyoshuka, na lingine kwenye kona iliyotulia. Usikubali kufanyiwa hesabu kwa jina la mtaa. Mtaa unaweza kuitwa Maweni na kiwanja chako kikawa mchanga mtupu.

Mzee tuliyempa kazi hiyo alikuja na mtaimbo tu na sepetu. Kila baada ya shibiri mbili alikuwa anaudondosha mtaimbo wima na kuinamisha sikio. Mchangani unasema "fu" na kuzama. Kwenye jiwe unalia "ngi" na kurusha mkono. Mbele ya nyumba ulilia kwenye kina cha sentimita 90. Kona ya jikoni alishuka mpaka kichwa kikapotea, ukalia kwenye mita 2 kamili. Msingi wa baba uko kwenye sentimita 80. Maana yake nyumba yetu ilikuwa imekanyaga jiwe kwa mguu mmoja, na mguu wa pili ulikuwa na mita 1.2 za mchanga chini yake. Hapo ndipo nilipoelewa ule ufa kwa nini ulipanda kwa ngazi badala ya nyumba yote kushuka pamoja salama salimini. Nyumba yote ikishuka kwa usawa, hata hujui. Kinachovunja ukuta ni tofauti kati ya kona na kona.

Lakini mlio si hukumu ya mwisho. Matumbawe yetu yana mapango. Tabaka la jiwe lenye unene wa shibiri juu ya uwazi nalo linalia "ngi", na likibebeshwa tani 8 mahali padogo litafanya linavyotaka. Kwa hiyo mhandisi alitaka litobolewe: matundu manne kwa kekee, mita moja na nusu kila moja ndani ya jiwe. Tundu moja kekee ilidumbukia ghafla kama kiganja kizima kisha ikashika tena. Matatu yalikuwa imara. Tukajua tunacheza na nini.

Na maji. Karibu na bahari, maji ya chini hupanda na kushuka pamoja na bahari, kwa sababu jiwe letu limejaa vinyweleo. Mwenye kisima karibu na ufuo anajua. Shimo lililo kavu siku za maji mafu linaweza kuwa na maji kifundoni wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari ikijaa. Kwa hiyo liangalie shimo siku ya bamvua, na kazi yenyewe ipange kiangazi cha kaskazi, Januari na Februari. Sisi Barani tuko ndani kidogo, shimo letu lilikaa kavu wakati wote.

Konkriti ya vipande

Hii ndiyo ya zamani kuliko zote na haina siri. Sehemu ya ukuta inayohitaji mguu inagawanywa vipande vya mita moja moja. Unachimba chini ya kipande kimoja mpaka ufike kwenye jiwe, unamwaga konkriti, unaacha igande, unahamia kipande cha mbali. Kamwe usichimbe viwili vinavyopakana. Mita zetu zilikuwa 10, kwa hiyo vipande 10. Tulianza na cha 1 na cha 6, tukaenda 3 na 8, kisha 5 na 10, 2 na 7, mwisho 4 na 9. Wakati wowote ule, ni sehemu moja kati ya tano tu ya ukuta iliyokuwa hewani, na ukuta wa mawe unajibeba juu ya nafasi ndogo kama unavyojibeba juu ya mlango.

Ujanja uko kwenye vidole vichache vya juu. Konkriti ikikauka hunywea kidogo, kwa hiyo ukiimwaga mpaka iguse msingi wa zamani, kesho kutwa haigusi tena, na umezika pesa. Unaacha nafasi ya sentimita 5 hadi 7.5. Baada ya siku moja au mbili, nafasi hiyo inashindiliwa simiti kavu: mchanga tatu, simiti moja, maji kiasi kwamba ukifumba donge kiganjani linabaki donge na kiganja hakilowi. Linaingizwa kwa ubao na nyundo mpaka nyundo irudi. Nililala kifudifudi shimoni kumtazama kijana akishindilia kipande cha nne. Alipoona nimeshuka akaacha kuongea na simu. Kama utasimamia kitu kimoja tu katika kazi yote, simamia hapo.

Vifaa vinahesabika bila msaada wa mtu. Kipande kimoja chetu kilikuwa mita 1 kwa sentimita 90 kwa mita 1.2, yaani mita za ujazo 1.08. Mara 10 ni 10.8. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, kila mita ya ujazo inakula mifuko 6 na nusu hivi ya kilo 50, kwa hiyo karibu mifuko 70. Fundi mmoja alikuwa ameniandikia 120.

Udhaifu wake ni wa wazi. Kwanza, haiinui nyumba. Inashika ilipo, basi. Pili ni polepole, sisi tulikula karibu mwezi, kwa sababu kila duru inadai siku zake za kugandisha. Tatu, ni kazi ya kuua mtu. Mchanga mkavu hauna adabu, shimo linalopita kimo cha kiuno lazima litiwe mbao pande zote, na asiyetaka kununua mbao usimpe kazi. Nne, ikifika kina cha mita 3 au zaidi, gharama ya kuchimba na kukinga inaipita faida yake yote.

Na tano, maji. Ndani ya maji mchanga unakuja shimoni kama uji, na ukiyavuta kwa pampu unavuta na mchanga wa chini ya jirani. Uingereza, kanisa kuu la Winchester lilipoanza kuzama juu ya ardhi tepetepe, mahandaki yalijaa maji kila yalipochimbwa. Wakaajiri mpiga mbizi, William Walker, akafanya kazi gizani chini ya maji kati ya 1906 na 1911, akipanga kwa mikono magunia ya konkriti zaidi ya 25,000. Nyumba ya mama haina bajeti ya kanisa kuu. Maji yakionekana, acha njia hii.

Bomba la kusukumwa

Hii ndiyo ile ya video. Kishikio cha chuma kinafungwa kwenye ukingo wa msingi, bomba lenye kipenyo cha karibu sentimita 7 linapitishwa ndani yake, na jeki ya mafuta inalisukuma chini kipande baada ya kipande mpaka ligome. Kisha jeki zote zinaunganishwa, nyumba inainuliwa kwa pamoja, na vishikio vinakazwa. Hakuna mashimo makubwa, hakuna mwezi wa kungoja, na milimita 34 zako huenda zikarudi.

Swali ambalo video hazikulijibu: jeki inasukuma kwa kuegemea nini? Inaegemea nyumba yenyewe. Uzito wa nyumba ndio unaozamisha bomba, na bomba lazima lisukumwe kwa nguvu inayozidi mzigo litakaobeba, mara moja na nusu hivi. Miguu ikipangwa kila mita 2, nyumba yetu ya tani 4 kwa mita inampa kila mguu tani 8, kwa hiyo jeki inataka tani 12. Ukuta mzima ukisaidiana, inawezekana. Nyumba ya chini tu yenye paa la mabati au makuti, ambayo haina hata nusu ya hizo, itanyanyuka kabla bomba halijafika popote. Na msingi wenyewe lazima uwe konkriti inayoweza kushikwa kwenye ukingo. Nyumba nyingi za zamani hapa zimeanzia juu ya mawe yaliyopangwa na chokaa, kishikio kitayang'oa kama jino bovu.

Kwenye matumbawe kuna balaa jingine. Bomba linagoma kwa furaha juu ya bonge la jiwe lililo peke yake katikati ya mchanga, au juu ya paa la pango, na kipimo cha jeki kitakuonyesha namba nzuri kabisa.

Parafujo

Fimbo ya chuma yenye bawa moja au zaidi, kipenyo cha bawa sentimita 20 hadi 35, inasokotwa na mota ya mafuta. Si teknolojia ya jana. Alexander Mitchell wa Belfast, mhandisi aliyekuwa kipofu, aliisajili mwaka 1833, na mwaka 1838 nguzo zake zilianza kusokotwa kwenye mchanga wa Maplin Sands, mdomoni mwa mto Thames, kubeba mnara wa taa za meli. Yaani ilizaliwa kwa ajili ya mchanga wenye maji, mahali pale pale konkriti ya vipande inaposhindwa.

Inanivutia kwa uaminifu wake: nguvu ya kuisokota inakuambia itabeba nini. Kwa fimbo ya mraba ya milimita 38, unachukua msokoto wa mwisho kwa kilonyutoni-mita na kuzidisha kwa 33. Ukisoma 5, ni kilonyutoni 165, karibu tani 17. Gawa kwa 2 kwa usalama, umebaki na tani 8 na kitu. Na haiegemei uzito wa nyumba, kwa hiyo hata banda la chumba kimoja linaweza kuwekewa.

Adui yake ni jiwe. Bawa likigonga matumbawe huzunguka pale pale na kukoroga mchanga, au fimbo inapinda. Kwa kiwanja chenye mchanga mzito wa mita 6 au 8 na maji katikati, ningeiweka ya kwanza. Kwa kona yetu yenye jiwe kwenye mita 2, haikuwa na pa kuingia.

Kekee

Mwaka 1952 Mwitaliano Fernando Lizzi alibuni nguzo nyembamba zinazotobolewa kupitia msingi wenyewe, zikashuka kwa mshazari kama mizizi, ili kuokoa majengo ya zamani yaliyoumizwa na vita. Malindi yenye Wataliano wote hawa, ni ajabu kwamba hakuna aliyenitajia jina lake. Mashine ni ndogo, zipo zinazoingia mlangoni. Kipenyo cha tundu ni sentimita 10 hadi 30, linatiwa chuma na kujazwa uji wa saruji.

Hii peke yake ndiyo inayopita kila kitu: mchanga, maji, bonge la jiwe, pango, mpaka jiwe zima la chini. Haitikisi ukuta mbovu. Kosa lake ni bei, na ulafi wa mapango. Uji wa saruji ukimwagwa kwenye tundu lililokutana na uwazi unaondoka kimya kimya na mifuko yako, kwa hiyo mapango yakijulikana sharti tundu livalishwe bomba la kudumu. Umuulize anayekupa bei nani analipa saruji itakayopotea. Akicheka, tafuta mwingine.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Jiwe ndani ya mita 2 na nusu, shimo kavu: konkriti ya vipande, na zile nyingine tatu zitakuuzia kina usichokihitaji. Jiwe lile lile lakini maji juu yake: kekee. Mchanga mrefu usio na jiwe karibu: parafujo, na kama nyumba ni ya ghorofa na msingi wake ni konkriti nzima, bomba la kusukumwa linaweza kushindana nayo. Mapango: kekee, au ukae na mhandisi muongee upya.

Kama unataka nyumba irudi juu, konkriti imetoka mchezoni. Lakini jiulize mara mbili. Ukuta wa mawe ya matumbawe ulioshuka miaka kadhaa umeshazoea mkao wake, plasta na mabomba vimefuata. Kuuinua ni kufungua nyufa mpya mahali palipokuwa pazima. Wahandisi wote wawili, ambao hawakukubaliana kwa mengine, walikubaliana hapa: simamisha kwanza, kuinua ni anasa.

Kutu nayo ina neno kwetu. Chuma chochote kinachobaki kwenye mchanga wenye chumvi lazima kiwe kimepakwa zinki na kiwe na unene wa kuliwa kidogo bila kudhoofika. Konkriti ya vipande haina nondo ndani yake, inabeba kwa kukandamizwa tu, kwa hiyo haina cha kushika kutu.

Kwa ndugu zetu wa Lamu, ndani ya mji wa kale hesabu inabadilika. Kokoto inafika kwa chombo na kwa punda, vichochoro havipitishi mashine, na ukuta wako wa mawe na chokaa mara nyingi ni ukuta wa jirani pia. Mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo zungumza na watu wa Makumbusho ya Taifa kabla ya sururu ya kwanza. Tena usiukandike ukuta wa chokaa kwa simiti ngumu. Chokaa inapumua na kusogea kidogo, simiti inafungia unyevu na chumvi ndani mpaka jiwe linamung'unyika.

Malindi tunahitaji kibali cha kaunti ya Kilifi, mhandisi aliyesajiliwa na bodi yake, na mkandarasi aliye kwenye daftari la Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Katika mkataba, mistari miwili iliniokoa. Wa kwanza: bei ya kila mita ya kina iandikwe mbali, ili jiwe likichelewa tusigombane shimoni. Kipande cha 8 lilichelewa kwa sentimita 30, tukalipa za hizo 30 tu. Wa pili: shimo lisifunikwe kabla mhandisi hajaliona jiwe kwa macho, akalipiga picha.

Tulimaliza mwishoni mwa Februari. Kioo cha tatu kilibandikwa siku hiyo, kikapita masika na vuli, bado kizima, tarehe yake ya penseli imeanza kufifia. Ufa tumeuziba. Milimita 34 ziko pale pale. Mlango wa jikoni sasa unafunguka kwa kidole, ila umechongwa mara mbili kwa mkao wa zamani na una mwanya juu wa kupitisha paka. Nilimwambia mama tuubadilishe. Akanijibu huku akikunja upya kipande cha karatasi anachokiweka chini ya mguu wa meza ya chai upande ule: "Uache, mwanangu. Moshi unatoka vizuri."